Mita 1,000 zilezile kwa miaka miwili: kocha anajibu

Swali: Shikamoo kocha. Nina miaka 34. Naogelea mara tatu kwa wiki kwenye bwawa la mita 25, mtindo huru, mita 1,000 bila kusimama, na natumia dakika 26. Mwanzoni niliona mabadiliko, ila huu sasa ni mwaka mzima muda haupungui na mwili haubadiliki. Nikifika urefu wa kumi na tano naanza kuhesabu vigae vya sakafuni. Chura naujua, chali najikongoja, kipepeo siwezi. Naomba mazoezi magumu, yasiyofanana kila siku. Je, ninunue vifaa? Na kuna mwenzangu anabana pumzi na kuogelea chini ya maji urefu mzima, anasema kunajenga mapafu. Nami nianze?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisilongoja. Usianze mazoezi hayo, na mwenzako mwambie aache leo.

Hamu ya kuvuta pumzi haitokani hasa na kupungua kwa oksijeni. Inaletwa na kabonidayoksaidi inapojaa kwenye damu. Mtu akihema harakaharaka kwa makusudi kabla ya kuzama, anaipunguza kabonidayoksaidi hiyo, lakini oksijeni haiongezi kwa kiasi cha maana. Anazama king'ora kikiwa kimezimwa. Oksijeni inaisha, fahamu zinapotea, na wala hakuhisi kubanwa. Hatapatapi, hapigi kelele. Analala kimya chini ya maji, na walio juu wanadhani bado yuko mazoezini. Tena huwapata waogeleaji wazuri, maana hao ndio wenye uwezo wa kujilazimisha mpaka hapo. Hata asiyehema kwanza anaweza kuangukia hatari hiyohiyo akirudia urefu baada ya urefu chini ya maji bila kupumzika vya kutosha. Hili sijawahi kulilegeza kwa yeyote ninayemfundisha, mtoto wala mtu mzima.

Ukitaka kuizoeza pumzi, izoeze juu ya maji. Ogelea mita 200 taratibu ukivuta hewa kila baada ya mikono mitatu badala ya miwili, na uso ukiwa majini uwe unatoa mapovu muda wote. Utajikuta unavuta kulia mara moja, kushoto mara moja, na mwili utaacha kupindia upande mmoja. Ukihitaji hewa kabla ya mkono wa tatu, vuta.

Sasa tuje kwenye zile mita 1,000. Kwa dakika 26, kila mita 100 inakuchukua dakika 2 na sekunde 36, na ukizipima moja moja utaona ya kwanza na ya kumi hazitofautiani sana. Mwili wako uliijua kazi hiyo zamani. Moyo, mapafu na misuli vilijipanga kuibeba, vikamaliza kujipanga, na tangu hapo kila ukiingia majini unavipa mzigo vinaoumudu. Kwenda kasi zaidi huwezi kwa sababu umejiwekea sharti la kutosimama, na asiyesimama hana budi kuchagua mwendo atakaoufikisha mwisho. Kwa hiyo dawa ninayokupa ni kusimama. Mita zako ni nzuri. Kinachokosekana ndani yake ni mapumziko yaliyopimwa.

Huenda ukaona nakupunguzia kazi. Tazama maji yanavyofanya. Ni mazito kuliko hewa takribani mara 800, na upinzani wake hukua karibu na mraba wa kasi. Ukitoka dakika 2:36 kwa mita 100 ukaenda 2:22, kasi imepanda kwa asilimia 10 hivi. Upinzani umepanda kwa takribani asilimia 21, na nguvu unayotakiwa kuitoa kila sekunde imepanda kwa takribani theluthi nzima. Mzigo wa namna hiyo huwezi kuubeba dakika 26 mfululizo, lakini dakika mbili na nusu unaweza. Ukipumzika sekunde 20 unaweza tena. Ukirudia mara kumi, umeogelea mita 1,000 zilezile kwa mwendo ambao mwili wako haujawahi kuuonja kwa umbali huo.

Kabla ya lolote, jipime. Chagua siku ambayo hujachoka. Pasha mwili joto kwa mita 300 za taratibu, kisha ogelea mita 400 kwa nguvu unayoweza kuishikilia mpaka mwisho, andika muda. Pumzika dakika kumi ukielea na kuogelea polepole, kisha ogelea mita 200 kwa namna hiyohiyo, andika muda. Toa mdogo kwenye mkubwa, gawanya kwa mbili. Tuseme 400 umetumia dakika 9:40 na 200 umetumia 4:36. Tofauti ni dakika 5:04, nusu yake ni 2:32. Huo ndio mwendo wako wa kizingiti kwa mita 100, yaani mwendo ambao ukiupita kidogo tu uchovu unakujia mbio. Mifano yangu yote hapa chini inaifuata namba hiyo. Wewe weka yako.

Seti ya kwanza, na ndiyo mama wa zote: mita 100 mara nane, ukiondoka ukutani kila dakika 2:55. Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo nieleze vizuri. Simaanishi upumzike dakika hizo. Saa inaanza unapousukuma ukuta. Ukigusa ukuta kwenye 2:32, umebakiza sekunde 23 za kupumua. Ukigusa kwenye 2:42, umebakiza 13. Ikifika 2:55 unaondoka, uwe umepumua ukatosheka au hapana. Ukizembea, mapumziko yako mwenyewe ndiyo yanayoliwa. Ukienda mbio mno mwanzoni, unayapata marefu lakini unayalipia kwenye ya tano. James Counsilman, kocha wa Chuo Kikuu cha Indiana aliyemfundisha Mark Spitz, bingwa wa Olimpiki, alikuwa miongoni mwa walioeneza mafunzo haya ya vipande na saa kubwa ya sekunde kando ya bwawa. Mwaka 1979, akiwa na miaka 58, aliuvuka kwa kuogelea mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Namtaja ili usiseme miaka 34 ni mingi.

Mia ya kwanza na ya pili utaziona nyepesi, utatamani kuongeza. Usiongeze. Ya sita au ya saba ndipo panapohitaji macho yako. Kiwiko kinaanza kushuka. Mkono unaingia majini, na badala ya vidole kuelekea chini huku kiwiko kikibaki juu, mkono mzima unanyooka kama rungu na kukandamiza maji kuelekea sakafuni. Utahisi unatumia nguvu nyingi sana, na kweli unazitumia, ila zinakuinua kichwa tu. Kichwa kikipanda, miguu inazama. Miguu ikizama, umejiongezea breki. Njia ya kulijua hili bila kocha ni kuhesabu mikono. Ikiwa kwenye mia ya kwanza ulivuka urefu mmoja kwa mikono 22, na kwenye ya saba umefika 23 au 24, uko sawa. Ikifika 26, ruka moja, simama upumue, kisha malizia zilizobaki kwa mikono mizuri hata kama ni mbili tu. Muda uliopatikana kwa mikono iliyovurugika usiuandike.

Wiki ya tatu fanya mara kumi. Ya tano, badala ya kuongeza idadi, punguza muda wa kuondoka uwe 2:50, kisha 2:45 ukiweza. Sekunde tano zinaonekana ndogo ukiwa umekaa unasoma. Majini utazijua.

Siku ya pili ya wiki iwe ya kasi, na iwe fupi. Mita 25 mara kumi na sita, kila moja kwa nguvu zako zote, kisha upumzike sekunde 40 nzima. Ukihisi mapumziko ni mengi mno, ujue hukwenda kwa nguvu zote. Baada ya hapo nenda kwenye kina kirefu, mahali miguu haigusi chini, ukifanya lile ninalolipenda kuliko mazoezi yote ya bwawani: mateke ya wima. Simama wima majini, kunja mikono kifuani, kisha piga mateke madogo ya haraka ili kinywa kibaki juu ya maji. Sekunde 20 mateke, sekunde 40 ukielea au ukiwa umeshika ukingo, mara sita. Yakizoeleka, toa mikono kifuani, inue viwiko vitoke majini, kisha viganja, kisha mikono yote miwili juu ya kichwa. Kila kipande cha mwili kinachotoka majini maji yanaacha kukibeba, na miguu ndiyo inayokipokea.

Sababu ya kulipenda ni kwamba halifichi kosa. Anayepiga teke kutoka gotini, kama anayeendesha baiskeli, anazama hapohapo hata awe na mapaja ya chuma. Teke linatoka nyongani. Goti linalegea kidogo tu, kifundo cha mguu kinalainika kama kitambaa. Niliwahi kumfundisha kijana aliyekuwa mkimbiaji mzuri, ambaye kwa ubao wa kuogelea alikuwa akipiga mateke na kubaki palepale. Vifundo vyake vilikuwa vigumu kwa miaka ya kukimbia. Wiki mbili za mateke ya wima, dakika sita kila siku ya mazoezi, zilimfundisha kuliko maneno yangu yote. Ila misuli ya mapaja ni mikubwa na hula oksijeni kwa pupa, kwa hiyo utahema kweli kweli. Fanya karibu na ukingo, mwokoaji akiwa anakuona.

Kama bwawa lako linaruhusu na ukingo wake si wa utelezi, siku hiyohiyo ya kasi unaweza kuongeza jingine: ogelea mita 50 kwa nguvu, jinyanyue utoke majini kwa mikono bila kutumia ngazi, piga pushapu kumi, rudi majini kwa kushuka polepole, ogelea 50 nyingine. Mara nne zinatosha. Shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla unapobadilika kutoka kulala hadi kusimama, kwa hiyo kizunguzungu kikikujia, baki majini umeshika ukingo mpaka kitulie.

Ukiwa na saa ya kupima mapigo ya moyo, usishangae ikionyesha namba ndogo kuliko ukikimbia kwa juhudi ileile. Majini umelala, maji yanakusukuma damu irudi moyoni kwa urahisi, tena yanakupooza. Kwa watu wengi mapigo huwa chini kwa 10 hadi 15 kwa dakika. Mimi huwaambia watu watumie kipimo cha kichwani cha 1 hadi 10: kizingiti ni 7, zile 25 za kasi ni 9 na zaidi, kupasha mwili ni 3.

Siku ya tatu ndiyo ya ladha tofauti ulizoomba. Panda na kushuka: 50, 100, 150, 200, halafu 150, 100, 50. Jumla ni mita 800. Ukipanda, ogelea kwa mwendo wa kizingiti na pumzika sekunde 20 kila kituo. Ukishuka, kila kipande kiwe na mwendo mkali kuliko kilichotangulia. Wiki inayofuata fanya ileile, lakini robo ya mwisho ya kila kipande iwe chali. Chali unayojikongoja nayo itakufaa kuliko unavyodhani, kwa sababu inafungua kifua na mabega yaliyokunjamana kwa miaka miwili ya kuelekea mbele tu. Kosa la wengi kwenye chali ni kukaa, yaani kiuno kinazama kana kwamba wako kwenye kiti. Inua kitovu kiguse uso wa maji, masikio yawe ndani, macho yatazame juu.

Chura tumia kama mapumziko yenye kazi. Kipepeo usikikimbie, ila usikianze kwa mikono miwili. Mkono mmoja umenyooka mbele, mwingine unavuta, kifua kinabonyea chini, nyonga inapanda, mateke mawili kwa kila mkono. Urefu mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, unapumzika. Ukifika urefu nne bila kuvunja wimbi la mwili, jaribu mikono miwili kwa mita 10 tu kisha malizia kwa mtindo huru. Baadaye utaweza kuunganisha mitindo yote minne kwa mpangilio wa mashindano: kipepeo, chali, chura, huru, urefu mmoja mmoja. Mita 100 za namna hiyo mara nne zitakuchosha kuliko mita 1,000 zako.

Kuna sehemu ya urefu ambayo nadhani hujawahi kuitumia, nayo ni ukuta. Unapousukuma ukuta, huo ndio wakati unaokwenda kasi kuliko wakati wowote, na wengi huutupa kwa kuibuka mara moja. Jinyooshe kama mshale, kiganja juu ya kiganja, masikio yamebanwa katikati ya mikono, piga mateke matatu au manne ya pomboo, yaani miguu yote miwili kwa pamoja, kisha uibuke. David Berkoff wa Marekani aliishangaza dunia kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 kwa kuogelea zaidi ya mita 30 za kwanza za chali chini ya maji, akavunja rekodi ya dunia kwenye mchujo. Baadaye sheria zikaweka mpaka, na leo mashindanoni kichwa lazima kiwe kimetoka kabla ya mita 15. Wewe hutafuti 15. Mita 5 kila ukuta, pumzi ikiwa bado iko tele, tayari ni moja ya tano ya bwawa.

Siku ukiwa mvivu wa kufikiri, cheza mchezo wa jumla. Ogelea urefu mmoja, hesabu mikono, hesabu sekunde, jumlisha. Mikono 22 na sekunde 38 ni 60. Sasa itafute 59, kisha 58. Ukiteleza mno kupunguza mikono, sekunde zinaongezeka. Ukikimbiza mikono, idadi yake inapanda. Mara nane za mchezo huu zinakufundisha mahali nguvu zako zinapopotelea.

Kuhusu vifaa: nunua boya la mapajani kama lazima ununue kitu. Linakuinua miguu ili uisikie mikono ikivuta. Ila ukijikuta unakwenda kasi zaidi ukiwa nalo, hiyo ni habari kwamba bila lenyewe miguu yako inazama, na dawa yake ni mateke na kukaza kiuno. Lisizidi robo ya mazoezi. Mapezi mafupi yanafaa kujifunzia kipepeo. Vibao vya viganjani ningekuomba uvisubirishe miezi mitatu, kwa kuwa vinaongeza mzigo moja kwa moja begani na bega lako limezoea mwendo mmoja tu. Bega ndilo linalowatoa wengi majini. Uchovu wa misuli nyuma ya bega ni wa kawaida. Maumivu makali ya mbele ya bega, hasa unapoinua mkono, ni ya kusimamisha seti siku hiyo. Angalia pia mkono unavyoingia: vidole vitangulie, kiganja kikitazama chini, wala usiingize kwa dole gumba wala kuvuka mstari wa katikati ya kichwa. Na kama una historia ya moyo au shinikizo la damu, zungumza na daktari kabla ya siku ile ya kasi.

Bwawa likijaa watu usirudi nyumbani. Sogea penye maji ya kifuani ukimbie. Maji ya kiunoni hubeba takribani nusu ya uzito wako, ya shingoni hubeba karibu asilimia 90, kwa hiyo magoti yanapumzika huku maji yakikuzuia kila unapoinua paja. Kimbia dakika moja kwa nguvu, nusu dakika taratibu, mara kumi na mbili. Viganja viwe wazi na visukume maji nyuma.

Acha angalau siku moja kati ya zoezi na zoezi, na kila wiki ya nne punguza umbali kwa theluthi moja, hata kama unajisikia vizuri. Kunywa maji pia. Unatoka jasho bwawani, ila hulioni.

Wiki ya sita ikiisha, rudia kipimo cha 400 na 200 katika bwawa lilelile. Siku nne baadaye, ogelea zile mita 1,000 zako bila kusimama, kama zamani. Usianze kwa kasi: urefu kumi za kwanza zibane, kisha ziachie. Niandikie namba nne: muda wa 400, muda wa 200, muda wa 1,000, na idadi ya mikono kwenye urefu wa arobaini. Nikiziona hizo nitajua cha kukupa kwa wiki sita zinazofuata.